Kabla Hujamkabidhi Mtu Shingo Yako

Katika saluni nyingi za kiume za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, kunyoa hakuishii kwenye mashine. Ndevu zikishachongwa na uso ukafutwa kwa taulo la moto, kinyozi huhamia nyuma ya kiti, akachua mabega, kisha mkono mmoja ukakamata kidevu na wa pili ukashika kisogo. "Legeza bosi, legeza kabisa." Kichwa kinapelekwa kulia, kinarudishwa kushoto, mara kinazungushwa kwa ghafla: ka! Upande wa pili nao: ka! Mteja anashusha pumzi, anatikisa mabega, anaongeza buku mbili juu ya bei.

Kwenye simu zetu hali ni hiyo hiyo kwa ukubwa zaidi. Kuna video za watu waliofungwa mkanda chini ya kidevu wakivutwa kichwa kwa nguvu, kinasa sauti kikiwa karibu ili mlio usikike vizuri. Nyingi zinatoka Marekani na nchi za Ghuba, na sasa wapo wa hapa hapa wanaojitangaza kwa mtindo huo. Wengine wanajiita matabibu wa kairopraktiki, yaani fani ya kunyoosha pingili za uti wa mgongo kwa mikono, wengine wachuaji, wengine hawajiiti chochote, wanaweka namba ya simu tu. Wenye maumivu ya kweli wanawafuata, na siwalaumu. Shingo inayouma inanyima usingizi, inaharibu kazi, na hata kutoa salamu mwisho wa swala kunakuwa adhabu.

Ninachotaka kusema ni hiki: tiba ya mikono kwa shingo ina faida yake na ushahidi upo, ila sisi tunanunua kipande chake kisicho na thamani. Tunalipia mlio, huku tukiuacha uchunguzi unaopaswa kuutangulia na mazoezi yanayopaswa kuufuata. Kwa kiungo chenye mishipa ya damu inayolisha ubongo, huko ni kujihatarisha bila sababu.

Tuanze na maumivu yenyewe. Shingo ina pingili saba zinazobeba kichwa chenye uzito wa takriban kilo 4.5 hadi 5, na juu ya kubeba zinatakiwa zikigeuze huku na huko kutwa nzima. Kati ya pingili nyingi kuna diski laini, nyuma yake kuna vifundo vidogo, kuzunguka vyote kuna tabaka za misuli, na katikati zinachomoza jozi nane za mishipa ya fahamu, nyingi zikielekea mabegani na mikononi. Chochote kati ya hivyo kinaweza kuuma. Hata hivyo, kwa wagonjwa walio wengi huwezi kunyoosha kidole ukasema "tatizo ni hili hapa". Madaktari huyaita maumivu yasiyo na chanzo mahususi, na ndiyo yanayowasumbua wengi wa watu wanaokadiriwa kufika milioni 203 waliokuwa na maumivu ya shingo duniani mwaka 2020, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume.

Siku hizi lawama zote zinaangukia simu. Kuna takwimu inayosambaa sana kwamba ukiinamisha kichwa kwa nyuzi 60 shingo inabeba kilo 27. Ilitolewa mwaka 2014 na daktari wa upasuaji wa New York, na watu wanaposoma hudhani alipima shingo za wagonjwa. Hakupima. Ilikuwa hesabu ya kompyuta juu ya kielelezo cha shingo. Wakati huohuo, watafiti wa Australia waliowachunguza vijana 1,108 wenye umri wa miaka 17 waliwagawa katika makundi kulingana na jinsi walivyozoea kuketi na kushikilia shingo, na hawakuona kwamba kundi moja lilikuwa na maumivu zaidi ya jingine. Walichoona ni kwamba mikao hiyo iliendana na mambo kama uzito wa mwili na hali ya moyo ya kijana, ikiwemo huzuni.

Sisemi simu haina kosa. Nasema kosa lake ni muda. Misuli ya shingo haipendi kukaa namna moja kwa saa tatu, iwe namna hiyo ni nzuri au mbaya. Fundi cherehani anayefunga oda za sare za shule mwezi wa Disemba anaumia shingo, na hana simu mkononi. Mwalimu anayesahihisha madaftari ya darasa la wanafunzi zaidi ya 80 naye anaumia. Dereva wa bodaboda anakaa na kofia ngumu kichwani tangu alfajiri huku barabara ikimtikisa. Ongeza usingizi mbovu, mawazo ya mkopo, na kukosa mazoezi, na una picha iliyo karibu zaidi na ukweli. Mtu mwenye msongo hukaza mabega bila kujijua, na maumivu yakishaingia, msongo huohuo huyakuza na kuyarefusha.

Mizigo ya kichwani nayo ina nafasi yake. Uchunguzi wa eksirei kwa wabebaji wa mizigo barani Afrika umeonyesha zaidi ya mara moja kuwa pingili zao za shingo huchakaa mapema kuliko za wasiobeba. Mama anayepandisha debe la maji mlimani kila asubuhi hahitaji kuambiwa anyooshe mgongo. Anahitaji bomba karibu na nyumbani. Hili hulisikii katika mijadala ya afya ya shingo, kwa sababu mijadala yenyewe imetungwa kwa ajili ya watu wa ofisini.

Halafu kuna suala la picha. Mgonjwa mwenye uwezo huenda kupiga MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, anarudi na karatasi imeandikwa diski zimevimba katika ngazi mbili, na tangu siku hiyo anajiona kilema. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya watu 1,211 wasio na tatizo lolote la shingo, wote wamepigwa MRI. Asilimia 87.6 walikuwa na diski zilizovimba kutoka nje ya nafasi yake. Hata waliokuwa na miaka ya ishirini na kitu, wengi wao walikuwa nazo. Kwa hiyo picha peke yake haisemi kinachouma. Inapata maana ikilinganishwa na kile ambacho mkono wa daktari umekiona mwilini. Wanaouza tiba kwa kuonyesha eksirei na kusema "ona pingili hii imehama" wanatumia vibaya hofu ya mgonjwa, na hilo linaniudhi kuliko jambo jingine lolote katika biashara hii.

Wazo la pingili iliyohama ndilo lililozaa kairopraktiki yenyewe. Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Daniel David Palmer alidai kuwa alimrudishia usikivu Harvey Lillard, mfanya usafi katika jengo lenye ofisi yake, kwa kusukuma pingili iliyokuwa imejitokeza mgongoni. Kutokana na hapo akajenga nadharia kwamba pingili zilizohama hubana mishipa ya fahamu na kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote yanatokana na hilo. Lakini mshipa wa usikivu uko ndani ya fuvu. Haupiti kwenye pingili kabisa. Mwaka 2010 chombo kinachosimamia taaluma hiyo Uingereza, ambako kairopraktiki ina sheria yake tangu 1994, kilitamka wazi kuwa hakuna ushahidi wa kitabibu unaoonyesha kuwa pingili za namna hiyo ndizo chanzo cha magonjwa. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekuambia atakutibu pumu, kisukari au ugumba kwa kukunyoosha shingo, jua kwamba hata wasimamizi wa fani yake hawako naye.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuitupa fani nzima. Chama cha madaktari cha Marekani kilijaribu kufanya hivyo kwa miaka mingi, kikiwakataza wanachama wake kushirikiana na matabibu hawa, hadi mwaka 1987 mahakama ya shirikisho ilipotamka kuwa mwenendo huo ulikuwa njama isiyo halali. Tangu wakati huo sehemu kubwa ya fani imeelekea kwenye maumivu ya mgongo na shingo, na huko imepimwa kama tiba nyingine yoyote.

Matokeo yake yanastahili kusomwa polepole. Utafiti ninaouthamini zaidi ulichapishwa mwaka 2012, ukaongozwa na Gert Bronfort huko Minnesota. Watu 272 waliokuwa na maumivu ya shingo ya kati ya wiki mbili na kumi na mbili waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilinyooshwa shingo na matabibu wa kairopraktiki kwa hadi wiki kumi na mbili. La pili lilipewa dawa, kuanzia za kawaida za maumivu hadi nyingine kadiri daktari alivyoona. La tatu lilifundishwa mazoezi ya nyumbani katika vikao viwili tu vya saa moja moja, pamoja na maelezo ya jinsi shingo inavyofanya kazi na namna ya kuketi, kulala na kunyanyua vitu. Walionyooshwa walipata nafuu kuliko waliomeza dawa, na tofauti hiyo iliendelea kuonekana hata baada ya mwaka mmoja. Lakini waliofanya mazoezi ya nyumbani walikwenda sambamba na walionyooshwa. Hapakuwa na tofauti ya maana kati yao.

Hebu fikiria maana yake kwetu. Vikao viwili vya mafunzo vimefikia matokeo ya wiki nyingi za matibabu ya mikono. Mazoezi yenyewe hayakuwa na kifaa chochote: kurudisha kidevu nyuma, kugeuza kichwa taratibu kulia na kushoto, kukiinamisha na kukiinua, kukutanisha mafupa ya mabega mgongoni, mara tano hadi kumi kila moja, na kurudia mara sita hadi nane kwa siku. Fundi cherehani anaweza kuyafanya kila anapobadilisha uzi. Kwa nchi ambazo bei ya kikao kimoja cha tiba binafsi mjini ni kubwa kuliko kipato cha siku cha watu wengi, huu ndio ujumbe ulipaswa kubandikwa kwenye kila zahanati.

Kuna jambo la pili kutoka kwenye tafiti. Tathmini ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaopima ushahidi wa tiba, iliyokusanya majaribio mengi ya tiba ya mikono kwa shingo, iliona kuwa msukumo wa ghafla na kunyoosha kwa upole, ambako kifundo kinasogezwa taratibu bila kishindo, vinatoa matokeo yanayokaribiana. Kufanyia kazi sehemu ya juu ya mgongo nako kunapunguza maumivu ya shingo. Kama njia ya upole inafika palepale, mgonjwa ana haki ya kuiomba, na tabibu mzuri hatakasirika akiombwa.

Basi mlio unatoka wapi? Ni ule ule wa kualisha vidole. Ndani ya kifundo kuna ute. Nyuso zake zikivutwa ghafla kutengana, shinikizo linashuka na uwazi wenye gesi unajitokeza. Watafiti wa Alberta, Kanada, walilionyesha hili kwa MRI ya moja kwa moja mwaka 2015, wakivuta vidole hadi vikalia. Hakuna mfupa uliorudi mahali pake, kwa sababu haukuwa umetoka. Ile nafuu ya papo hapo ni ya kweli, misuli hulegea na akili hupumzika, lakini mara nyingi hupita baada ya muda mfupi. Ndiyo maana mteja hurudi wiki inayofuata akidhani shingo imehama tena.

Sasa niingie kwenye hatari, nami nitaisema bila kuipunguza wala kuikuza. Mishipa miwili ya damu inapanda kupitia vitobo vilivyo pembeni mwa pingili za shingo, na ikifika pingili ya kwanza inapinda kwa kona kali kabla ya kuingia kwenye fuvu kulisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Ukuta wake wa ndani ukichanika, damu inaweza kuganda pale, na donge likipanda juu mtu anapata kiharusi, pengine akiwa kijana mwenye afya. Uhusiano kati ya kunyooshwa shingo na tukio hilo umejulikana kwa muda mrefu. Je, ni mkono uliochana mshipa, au mshipa ulishachanika na mtu akaenda kwa tabibu kwa sababu ya maumivu ya mchaniko wenyewe? Utafiti wa Ontario, Kanada, wa mwaka 2008 ulipitia wagonjwa 818 wa kiharusi cha aina hiyo na kuona kuwa walikuwa wameenda kwa daktari wa kawaida kwa kiwango kinacholingana na cha waliokwenda kwa tabibu wa kairopraktiki, jambo linaloelekeza kwenye jibu la pili. Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2014 kilisema uhusiano upo, usababishi haujathibitishwa, na mgonjwa aelezwe kabla ya kuguswa.

Mimi naona majibu yote mawili yanatupeleka mahali pamoja. Kama mkono ndio unaochana, basi usiguse bila sababu nzito. Kama mshipa umeshachanika, basi kuuzungusha ni kosa kubwa zaidi, na mwenye kuligundua ni yule tu aliyeuliza maswali. Tukio ni nadra sana, lakini likitokea linaweza kuacha madhara ya kudumu. Maumivu mapya na makali ya upande mmoja wa shingo, yasiyofanana na uliyowahi kuyapata, yakiambatana na kichwa kuuma, kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kumeza au ulimi kuwa mzito, ni safari ya hospitali, tena haraka.

Kwetu kuna sababu nyingine ambayo video za Marekani haziigusi. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zote ziliwekwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. TB haikai mapafuni tu. Hushika pingili, ikazila polepole, na mgonjwa kwa miezi akadhani amelala vibaya. Pingili iliyoliwa namna hiyo ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuporomoka na kubana uti wa mgongo, na mtu akapooza. Saratani iliyosambaa kutoka kwenye titi au tezi dume hufanya vivyo hivyo. Homa za jioni, jasho la usiku, uzito unaopungua, maumivu yanayozidi usiku hata ukiwa umelala: yeyote anayeshika shingo za watu katika ukanda huu na asiulize haya manne, hafai kushika shingo. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa kali na mwanga kuumiza macho inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na huyo hapelekwi kwa mchuaji hata kwa dakika moja.

Uchunguzi mzuri hauhitaji mashine. Mtaalamu anakaa mbele yako na kukusikiliza hadi mwisho. Anauliza kama umeanguka au kupata ajali, kama una baridi yabisi, kama unatumia dawa za kuyeyusha damu. Anakwambia umminye vidole vyake kwa mikono yote miwili, anapapasa ngozi ya mkono kuona kama kuna sehemu imekufa ganzi, anagonga kiwiko kwa kinyundo cha mpira. Anakutuma utembee kwa kuweka kisigino mbele ya kidole cha mguu, kwa sababu uti wa mgongo uliobanwa shingoni mara nyingi huanza kujionyesha miguuni, na vidoleni, pale mtu anaposhindwa kufunga vifungo vya shati. Anakuambia uweke kiganja juu ya utosi: kama maumivu ya mkono yanapungua, kuna uwezekano mshipa wa fahamu unabanwa shingoni. Haya yote ni kama robo saa. Ndipo anasema anachofikiri, anachotaka kufanya, na njia nyingine zilizopo. Tabibu wa kairopraktiki aliyesoma vizuri hufanya hivyo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2005 inataka mafunzo yasiyopungua saa 4,200, zikiwemo 1,000 za kutibu chini ya usimamizi. Aliyehudhuria kozi ya siku mbili hotelini yuko mbali sana na kiwango hicho.

Afrika Kusini wameliweka sawa: vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg vinafundisha fani hii, na baraza la kisheria linawaandikisha wahitimu. Afrika Mashariki matabibu waliosomea ni wachache mno, na karibu wote wako kwenye miji mikubwa. Ndiyo maana kwangu swali la kama kairopraktiki inafaa linakuja baada ya swali jingine: nani aguse shingo ya mtu wa Sumbawanga au Lodwar, mbali na miji hiyo? Jibu tunalo tayari. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi. Moshi wamefundishwa kwa miongo kadhaa pale hospitali ya KCMC, Kenya ina Baraza la Fiziotherapia lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na kunyoosha shingo kwa upole pamoja na kufundisha mazoezi ni kazi yao ya kila siku.

Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 yenye baraza lake, na ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Ningependa kuona vyombo hivi viwili vikifanya mambo mawili mahususi. Baraza lichapishe mtandaoni majina ya wote walioruhusiwa kunyoosha uti wa mgongo pamoja na mafunzo yao, ili mgonjwa aweze kuangalia kwa simu yake kabla ya kulipa. Na bima ilipie vikao viwili au vitatu vya fiziotherapia kwa mwenye maumivu ya shingo bila kumlazimisha kwanza kumaliza mizunguko ya diklofenaki, dawa inayoumiza tumbo na figo ikitumiwa ovyo na ambayo watu wanaibugia kwa kununua kiholela dukani. Gharama ya vikao hivyo ni ndogo ukilinganisha na MRI moja, na hospitali ya wilaya yenye mtaalamu mmoja, kitanda kimoja na kinyundo cha mpira inaweza kuanza Jumatatu ijayo.